Mkono Hufundishwa na Kazi: Somo juu ya Kupasua Uvimbe Ulio Chini ya Ubongo



Mgonjwa akiambiwa kwamba atapasuliwa, mara nyingi huuliza maulizo mawili. La kwanza: "Je, nitaumia?" La pili: "Je, nitapona?" Lakini liko ulizo la tatu ambalo wengi wanalo moyoni, wala hawathubutu kulitoa kinywani mbele ya munganga. Ni hili: "Wewe umekwisha kufanya kazi hii mara ngapi?"

Wengine hufikiri kwamba kuuliza hivi ni kumtukana munganga. Sivyo. Ulizo hili ni la haki, na jibu lake ni la maana sana. Katika somo hili tutachukua kazi moja ngumu iwe mfano wetu, ndiyo kutoa uvimbe wa tezi ya pituitari kwa kupitia puani. Tumechagua kazi hii kwa sababu waganga wamehesabu matunda yake, mazuri na mabaya, kwa zaidi ya miaka 100. Hesabu hizo zatuonyesha wazi namna mkono wa munganga unavyopata akili, na namna mgonjwa anavyoweza kusaidiwa au kuumizwa na jambo hilo.

1. Tezi ndogo yenye kazi kubwa

Weka kidole chako katikati ya macho mawili, pale pua inapoanzia. Kama ungeweza kwenda ndani moja kwa moja toka pale mpaka karibu na katikati ya kichwa, ungekuta tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo. Ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi. Uzito wake ni kama nusu ya gramu tu. Ndiyo pituitari, waganga wanaosema Kifaransa huiita hipofizi. Inakaa katika shimo dogo la mfupa. Watu wa zamani waliliita shimo hilo tandiko la Kituruki, kwa sababu umbo lake ni kama tandiko la farasi.

Ingawa ni ndogo, tezi hii ni kama msimamizi wa kazi. Inatuma homoni katika damu, na homoni hizo zinaamuru sehemu nyingine za mwili. Kwa amri yake mtoto hukua, mama hupata maziwa ya kunyonyesha, na mwezi wa wanawake hufuata utaratibu wake. Kwa amri yake tezi ya shingoni na tezi zilizo juu ya figo hufanya kazi. Hata maji ya mwili yanalindwa nayo, ili mtu asikojoe kupita kiasi.

Sasa angalia majirani zake. Juu yake mishipa ya kuonea inayotoka katika macho mawili hukutana na kupishana. Upande wa kuume na upande wa kushoto hupita mishipa miwili mikubwa ya damu iendayo ubongoni. Chini yake kiko chumba cha hewa ndani ya mfupa, nyuma kabisa ya pua. Chumba hicho ndicho mlango wa munganga. Basi umeona: mahali pa kazi ni padogo, na kila upande yuko jirani asiyetaka kuguswa.

2. Uvimbe ukiota pale

Mara nyingi sana uvimbe wa tezi hii si kansa. Hukua polepole, wala hausambai mwilini. Lakini kwa kuwa nafasi ni ndogo, unaleta taabu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni homoni kupita kiasi. Uvimbe mwingine unatoa homoni ya kukuza. Ndipo mtu mzima anaona pete haiingii tena kidoleni, viatu vyake vinambana, na taya lake linatokeza mbele. Mwingine unaleta maziwa kwa mwanamke asiye na mtoto, na mwezi wake unakoma. Mwingine unamfanya mtu anenepe uso na tumbo huku mikono na miguu yake inakonda, na damu yake inapanda.

Njia ya pili ni kusukuma. Tufikiri habari ya mwalimu mmoja wa shule. Anaona vizuri ubao ulio mbele yake, lakini anagonga bega kwenye miimo ya mlango. Njiani haoni baiskeli inayotoka pembeni. Watoto wanamcheka, jirani wanasema amekunywa pombe, na jamaa wengine wananong'ona habari za uchawi. Ananunua miwani, haimsaidii. Kumbe uvimbe unasukuma mishipa ya kuonea pale inapopishana, na macho yake yamepoteza pande zote mbili za nje. Mtu wa namna hii hana haja ya kutafuta aliyemroga. Ana haja ya picha ya ndani ya kichwa, na kupimwa damu, na munganga aliyezoea kazi hii. Akikawia sana, macho yaweza kufa kabisa.

3. Njia ya pua, toka mkono hata mkono

Zamani waganga waliogopa sana mahali hapa. Mwaka 1907, huko Innsbruck katika nchi ya Austria, munganga Hermann Schloffer alitoa uvimbe wa pituitari kwa kupitia njia ya pua. Kiisha Harvey Cushing wa Marekani akaifanya njia hiyo kuwa bora. Tangu 1910 hata 1925 alipasua uvimbe 231 kwa kupitia puani. Katika kila wagonjwa 100, walikufa 5 au 6. Siku hizi hesabu hiyo ingetutisha, lakini kumbuka kwamba Cushing hakuwa na penisilini wala kortizoni. Kwa siku zile ilikuwa kazi ya ajabu.

Baadaye Cushing mwenyewe aliiacha njia ya pua, akapenda kufungua fuvu toka juu. Kwa kuwa alikuwa mwalimu mkubwa, waganga wengi walimfuata, na njia ya pua ikakaribia kusahauliwa. Lakini kijana mmoja wa Scotland, jina lake Norman Dott, alikuwa amekwenda kujifunza kwake katika miaka ya 1920. Akarudi Edinburgh, naye hakuiacha. Mwaka 1956 Gérard Guiot wa Ufaransa akamtembelea Dott, akatazama kazi yake, akaipeleka kwao. Kwa Guiot akajifunza Jules Hardy wa Kanada, na katika miaka ya 1960 Hardy akaongeza mikroskopi ya kukuza, hata akaweza kutenga uvimbe na tezi yenye uzima.

Angalia vema, ndugu. Vitabu vilikuwapo wakati wote, na kila mtu aliweza kuvisoma. Lakini kazi hii ilivuka miaka ile kwa watu wachache waliosimama kando ya mwalimu na kutazama mikono yake. Ustadi wa namna hii haupatikani kwa kusoma peke yake.

4. Kioo cha endoskopi

Endoskopi ni chombo chembamba kama kalamu ndefu, chenye taa na kioo mwishoni mwake. Munganga anakiingiza katika tundu la pua, na picha ya ndani inaonekana katika televisheni. Guiot alikijaribu mwaka 1963, lakini picha haikuwa nzuri ya kutosha, akakiacha. Katika miaka ya 1990 vyombo vilikuwa vimekwisha kuwa bora. Mwaka 1997 Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau, waliofanya kazi Pittsburgh huko Marekani, walitoa habari za wagonjwa 50 waliopasuliwa kwa njia hiyo. Tangu hapo imeenea katika nchi nyingi.

Faida yake ni kwamba kioo kinafika ndani kabisa na kuona mpaka pembeni. Mikroskopi hubaki nje na kutazama mbele tu, kama mtu anayechungulia kwa tundu la mlango. Mwenye endoskopi ni kama mtu aliyeingia chumbani na taa mkononi.

Lakini shida iko pia. Picha ya televisheni ya kawaida ni bapa, kama picha ya ukutani. Munganga haoni upesi lipi liko karibu na lipi liko mbali. Anatazama televisheni, huku mikono yake inafanya kazi mahali pengine. Na vyombo vyote vinapita katika matundu mawili ya pua, vikigongana. Kwa hiyo hata munganga mzee aliyezoea mikroskopi miaka mingi, siku ya kwanza ya kushika endoskopi anakuwa mwanafunzi tena.

5. Hesabu zasema nini?

Mwaka 1997 munganga Ivan Ciric na wenzake walitoa matokeo ya maulizo waliyowapelekea wapasuaji wa ubongo huko Marekani. Wapasuaji 958 walijibu. Waliwagawanya katika mafungu matatu kwa hesabu ya mara walizofanya kazi hii ya kupitia puani. Hivi ndivyo walivyoona, kwa kila wagonjwa 1,000:

Waliokufa: kwa waganga waliofanya chini ya mara 200, watu 12. Kwa waliofanya kati ya 200 na 500, watu 6. Kwa waliopita mara 500, watu 2.

Waliovuja maji ya ubongo kwa njia ya pua: fungu la kwanza 42, la pili 28, la tatu 15.

Walioumizwa mshipa mkubwa wa damu: fungu la kwanza 14, la pili 6, la tatu 4.

Soma tena polepole. Ugonjwa ni ule ule, njia ni ile ile. Lakini katika mikono iliyofanya kazi nyingi, vifo vilikuwa sehemu moja tu ya sita. Ni kweli, waganga hawa walijibu wenyewe juu ya kazi yao, na wengi wa siku zile walitumia mikroskopi. Kwa hiyo tusishike kila tarakimu kama kwamba ilipimwa kwa mizani ya dhahabu. Lakini jambo kubwa limeonekana tena na tena. Mwaka 2003 habari nyingine ilitolewa Marekani, ya wagonjwa 5,497 waliopasuliwa katika hospitali 538 tangu 1996 hata 2000. Nayo ilionyesha kwamba wagonjwa walikuwa na heri zaidi katika hospitali zilizofanya kazi hii mara nyingi, na katika mikono ya waganga walioifanya mara nyingi.

Na endoskopi je? Mwaka 2010 waganga wa Uingereza walitoa habari za wagonjwa wao 125 wa endoskopi. Walilinganisha wale wa mwanzo na wale wa baadaye. Kwa uvimbe usiotoa homoni, kazi ilichukua dakika 120 mwanzoni. Baadaye dakika 91. Katika wagonjwa ambao macho yao yalikuwa yamepungua, 80 katika 100 walipata nafuu ya kuona mwanzoni. Baadaye wakawa 93 katika 100.

Mfikiri sasa yule mwalimu wetu anayegonga miimo ya mlango. Kwake yeye, tofauti ya 80 na 93 si hesabu ya karatasi. Ni kuona watoto waliokaa pembeni ya darasa, au kutowaona.

6. Kwa nini kazi inakuwa bora?

Kwanza, jicho linajifunza alama za njia. Ndani ya chumba cha hewa, mfupa una vilima vidogo na mabonde. Kilima hiki kinafunika mshipa wa damu. Kile kinafunika mshipa wa kuonea. Wala watu hawafanani ndani ya pua, kama wasivyofanana usoni. Aliyepita njia mara mia anajua kwamba mto uko karibu hata kabla ya kuuona.

Pili, mkono unajifunza kutambua. Uvimbe mara nyingi ni laini na rangi yake ni kama majivu. Tezi yenyewe ni ngumu kidogo na ina rangi ya manjano. Mwanafunzi akiogopa sana, anaacha uvimbe ndani. Akijitumaini sana, anatoa na tezi nzima pamoja nao, na mgonjwa atatumia vidonge vya homoni maisha yake yote.

Tatu, waganga wanajifunza kufunga mlango. Zamani maji ya ubongo yalivuja mara nyingi, na mlango unaovuja unaweza kuingiza ugonjwa wa utando wa ubongo. Wengi hufunga kwa kipande cha mafuta kilichotolewa katika tumbo au paja la mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2006 waganga wa Rosario, katika nchi ya Argentina, walieleza namna ya kukunja ngozi laini ya ndani ya pua, yenye damu yake hai, na kuifunika juu ya tundu. Njia hiyo ilisaidia sana penye matundu makubwa. Basi maendeleo mengine hutoka kwa mtu mmoja kuzoea, na mengine hutoka kwa ndugu wa mbali aliyefundisha wenzake.

Nne, kundi zima linajifunza. Mpasuaji wa pua na mpasuaji wa ubongo wanafanya kazi pamoja, mmoja akishika kioo na mwingine vyombo. Mwenye kulaza mgonjwa usingizi, mwuguzi wa kutoa vyombo, munganga wa macho na munganga wa homoni, wote wana sehemu yao. Mwuguzi wa zamu ya usiku aliyekwisha kuona maji ya ubongo yakitoka puani, hatadhani kwamba ni mafua.

Tano, munganga aliyekomaa anajua nani asipasuliwe. Uvimbe ule wa kuleta maziwa, mara nyingi hupungua kwa vidonge tu, kama bromokriptini au kabergolini, pasipo kisu. Kujua wakati wa kuacha kisu mezani ni ustadi pia.

7. Nani atakuwa wa kwanza?

Sasa tumefika mahali pagumu. Pengine unasema moyoni: "Basi mimi nitamkataa kila munganga kijana." Lakini fikiri. Kila mmoja aliyepita mara 500 alianza na mgonjwa wa kwanza. Kama wote wakikataa, wazee watakufa pamoja na ustadi wao, na watoto wetu hawatakuwa na mtu wa kuwapasua.

Mimi ninayeandika ni mwuguzi, nami nalijifunza juu ya miili ya watu. Nakumbuka siku ya kwanza ya kutafuta mshipa katika mkono wa mtoto aliyekauka kwa kuhara. Nalichoma, nikakosa. Mama yake alinitazama, wala hakusema neno. Mkono wangu ulianza kutetemeka. Ndipo mwuguzi mzee aliyesimama nyuma yangu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Hakuninyang'anya sindano. Aliuelekeza mkono wangu, na damu ikarudi katika sindano. Kama angekuwa hayupo, mtoto yule angelipia ujinga wangu. Kama angeninyang'anya, nisingejifunza, na watoto waliokuja baadaye wangelipia.

Hapo ndipo jibu lilipo. Hatari kubwa si mwanafunzi. Hatari kubwa ni mwanafunzi aliye peke yake, na munganga anayefanya kazi ngumu mara moja kwa miaka miwili bila mwenzake. Mahali penye utaratibu mzuri, kijana huanza kwa maiti zilizotolewa kwa ajili ya masomo, na kwa mifano ya kichwa iliyotengenezwa. Kiisha anafungua njia ya pua tu, mwalimu anamaliza. Kiisha anafungua mfupa. Mwishowe anatoa uvimbe, mwalimu akiwa kando yake tayari kushika chombo. Endoskopi inasaidia hapa, kwa sababu wote wawili wanatazama televisheni moja, na mwalimu anaona kila hatua ya mwanafunzi. Tena wanaanza na uvimbe mdogo ulio katikati, si ule mkubwa uliozunguka mishipa ya damu.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kijana atashiriki katika kukupasua, usikimbie upesi. Uliza: "Mwalimu wake atakuwa chumbani muda wote?" Wakisema ndiyo, umepata kundi, si mtu mmoja. Nawe una haki ya kuambiwa kweli kabla ya kulazwa usingizi.

8. Hesabu peke yake haitoshi

Usidhani kwamba miaka mingi inatosha. Mtu anaweza kulima shamba miaka 30 kwa namna ile ile mbaya. Mkono hufundishwa na kazi inayohesabiwa. Munganga mwenye akili huandika kila mgonjwa: nani aliona tena, nani alivuja, nani alirudi na uvimbe. Asiyeandika hukumbuka waliopona, na kuwasahau waliozikwa.

Tena, ukiona munganga mzee ana matata mengi kuliko kijana, usihukumu upesi. Pengine yeye ndiye anayepelekewa uvimbe mkubwa ambao wengine waliuogopa. Uliza matata hayo yalikuwa kwa wagonjwa wa namna gani.

Na wakati mwingine hakuna nafasi ya kuchagua. Kama mtu mwenye uvimbe huu akashikwa ghafula na maumivu makali ya kichwa, akatapika, na macho yakafifia au jicho likashindwa kugeuka, huenda uvimbe umetoka damu ndani yake. Usitafute munganga mwenye sifa kubwa kuliko wote. Mpeleke saa ile ile kwenye hospitali kubwa iliyo karibu, kwa sababu anaweza kufa kwa kukosa homoni, na hapo anaweza kupewa kortizoni ya sindano kabla ya kupelekwa mbele.

9. Maulizo ya kumwuliza munganga

Uliza kwa heshima, bila kuona haya. Mchukue ndugu mmoja awe shahidi wa majibu.

Je, uvimbe wangu ni wa namna gani, na vidonge haviwezi kuutibu?

Je, umefanya kazi hii mara ngapi, na mwaka huu mara ngapi?

Katika wagonjwa wako, wangapi walivuja maji ya ubongo? Wangapi waliona tena?

Nani atakuwa pamoja nawe chumbani?

Nani atapima homoni zangu baadaye?

Kama iko hospitali inayofanya kazi hii mara nyingi zaidi, je, inafaa nisafiri, na ugonjwa wangu waweza kungoja?

Munganga mwema hatakasirika. Akijibu, "Kazi hii siifanyi mara nyingi, nitakutuma kwa mwenzangu," usimdharau. Huyo amekupa zawadi. Na ninyi jamaa na wazee wa kanisa, mkisikia mgonjwa anatumwa mbali, msiseme kwamba hospitali yetu imeshindwa. Changeni franka za safari. Munganga wetu anayepasua ngiri na kutoa watoto kila juma amezoea kazi hiyo. Mwache afanye ile anayoizoea, na mwenye kuzoea pituitari afanye yake.

10. Ukisha kupasuliwa

Hata mkono bora hauwezi kumlinda mgonjwa asiyesikia. Shika maagizo haya:

Usipenge kamasi kwa nguvu mpaka munganga akuruhusu. Ukipiga chafya, fungua kinywa. Usiinue ndoo ya maji wala mzigo, usiiname sana, wala usijikaze chooni.

Kama maji meupe yanatiririka puani, zaidi ukiinama, au unaonja chumvi kooni, rudi hospitalini siku ile ile. Vivyo hivyo ukipata homa na shingo kukaza, au ukiona macho yanafifia.

Kama una kiu isiyokoma na unakojoa maji mengi usiku na mchana, sema. Kama siku za kwanza umekwisha kurudi nyumbani, kiisha unatapika, unachanganyikiwa au unalala ovyo, urudishwe upesi. Yawezekana chumvi ya damu imeshuka.

Kama umepewa vidonge vya hidrokortizoni, usiache hata siku moja kwa kuona nafuu. Ukipata homa au jeraha, ongeza kama ulivyoagizwa. Ukitapika vidonge, nenda upewe sindano. Chukua karatasi yenye jina la dawa hiyo popote uendapo.

Maulizo ya kukumbuka

1. Kwa nini uvimbe wa pituitari unaweza kuharibu macho?

2. Endoskopi ina faida gani, na ina shida gani kwa anayeanza?

3. Hesabu za 1997 zilionyesha tofauti gani kati ya waganga waliofanya chini ya mara 200 na waliopita 500?

4. Kwa nini si vema kuwakataa wanafunzi wote? Lipi ni la lazima wanapojifunza?

5. Kama jamaa yako atapasuliwa kesho, utamsaidia kuuliza nini?

Somo hili lisibaki katika karatasi. Msomee asiyejua kusoma. Na ukimwona mtu anayegonga miimo ya mlango kila siku, wala hakunywa kitu, usimcheke. Mshike mkono, mlete apimwe.